Historia ya Nyumba za Krepe: Kutoka Mashamba ya Bretagne hadi Montparnasse

Msafiri ashukaye katika stesheni ya Montparnasse mjini Paris, akavuka barabara kuu na kuingia Rue d'Odessa, kisha akapinda kuifuata Rue du Montparnasse, hujikuta amezungukwa na nyumba ndogo ndogo za kulia chakula, zilizopangana mlango kwa mlango, ambazo takriban zote huuza chakula cha namna moja, nacho ni krepe: mkate mwembamba wa kumiminwa, mpana kama sinia, uliokunjwa juu ya yai au jibini au sukari na kuletwa mezani ungali unafuka mvuke. Hakuna katika nyumba hizi mapazia ya mahameli wala wahudumu wenye glavu nyeupe. Kuna meza za mbao zilizosogezwa karibu mno, bakuli za udongo zilizotundikwa ukutani, na bei ambayo mwanafunzi na karani huweza kuimudu bila ya kuhesabu fedha mara mbili. Majina yaliyoandikwa juu ya milango yake si majina ya Paris, bali ni ya miji iliyo mbali upande wa machweo, kama vile Josselin. Mtu asiyejua asili ya mambo hudhani kuwa ni nasibu tu iliyozikusanya nyumba hizi mahali pamoja. Lakini zililetwa pale na udongo duni, kodi ya chumvi, gari la moshi, na mikono ya wanawake ambao aghalabu majina yao hayakuandikwa katika vitabu, na habari yao ndiyo nitakayo kuisimulia.

Bretagne ni rasi kubwa iliyojitokeza katika bahari ya Atlantiki katika ncha ya magharibi ya Ufaransa, nchi ya upepo na mvua nyepesi, ambayo sehemu zake nyingi zina mwamba mgumu chini na udongo mwembamba wenye uchachu juu yake. Kabla ya kuunganishwa na ufalme wa Ufaransa mwaka 1532 ilikuwa dola yenye watawala wake, na upande wake wa magharibi watu wake walisema, na baadhi yao wangali wakisema, lugha ya Kibretoni, iliyo jamaa ya lugha ya Wales na wala si ya Kifaransa. Mtawala wake ajulikanaye zaidi ni Anne, aliyezaliwa mwaka 1477, akaolewa na mfalme Charles VIII mwaka 1491, na baada ya kufiwa naye akaolewa na mfalme Louis XII mwaka 1499, hata akawa malkia wa Ufaransa mara mbili. Wabretoni wanampenda hadi leo, na mapokeo yao humsifu kwamba ndiye aliyewahimiza wakulima wake kuipanda nafaka ngeni iliyokuja kuwa chakula chao cha kila siku. Mapokeo hupenda kuyahusisha mema ya nchi na jina la mtu mmoja mwenye taji, ilhali nafaka haienezwi kwa amri ya malkia peke yake, na wakulima waliozitia mbegu zile ardhini msimu baada ya msimu nao wana haki yao katika habari hii.

Nafaka yenyewe Wafaransa huiita ngano nyeusi, ingawa kwa nasaba si ngano wala haihusiani na ngano, mtama au mpunga. Ni mmea wenye shina jekundu na maua meupe yapendwayo na nyuki, na mbegu zake ni za pembe tatu, zenye ganda la rangi ya kahawia iliyokoza. Asili yake ni upande wa kusini-magharibi ya China. Kutoka huko ilisafiri karne baada ya karne hata ikafika ncha ya Ulaya, na katika karne ya 15 na ya 16 ikaenea katika mashamba ya Bretagne. Noël du Fail, mwandishi na hakimu wa Rennes katika karne hiyo ya 16, aliitaja kuwa ni mgeni wa karibuni ambaye lau asingekuja, mafukara wangalitaabika mno. Naye alikuwa shahidi wa kweli, kwa maana ngano ya kawaida iliudhika katika udongo ule wenye uchachu, ilhali mgeni huyu hakudai mbolea nyingi wala ardhi nono; alipandwa mwezi wa Mei au Juni, na baada ya siku 100 hivi alikuwa tayari kuvunwa, hata mkulima aliyepatwa na msiba wa mavuno mengine aliweza bado kumtumainia kabla ya majira ya baridi.

Jambo hili lilikuwa na upande wake wa uchungu. Mkulima wa Bretagne, ambaye aghalabu alilima shamba la bwana mwingine, alipobahatika kupata ngano nyeupe hakuila, bali aliiuza ili alipe kodi ya shamba, na yeye na wanawe wakala ile nyeusi. Unga wa nafaka hii hauna ule mnato ambao katika ngano huushika mkate ukafura na kuumuka. Ukiukanda na kuutia katika tanuri utapata donge zito lisilolika. Basi walio nao walikuwa na njia mbili: kuupika uji mzito, au kuufanya rojo na kulimimina juu ya jiwe la moto, na baadaye juu ya tawa la chuma. Njia ya kwanza iliwashibisha watu kwa muda mrefu na leo ni wachache waikumbukayo. Ya pili ndiyo iliyozaa krepe, na ile ya ngano nyeusi huitwa zaidi galeti katika upande wa mashariki wa nchi, unaoelekea Rennes.

Kuhusu siagi nayo, ambayo bila yake galeti ni kama karatasi iliyoungua, kuna kisa kinachostahili kukaliwa kidogo. Wafalme wa zamani wa Ufaransa walitoza kodi ya chumvi iliyoitwa gabelle, kodi iliyochukiwa kuliko zote, kwa sababu hakuna kaya iwezayo kuishi bila ya chumvi, na katika majimbo mengi bei yake ilipandishwa na dola hata fukara akaionja kama dawa. Bretagne ilisamehewa. Ilipoingia katika ufalme ilihifadhi haki zake za kale, na miongoni mwa haki hizo ilikuwa kutotozwa kodi ile; kadhalika mashamba ya chumvi ya Guérande yalikuwa pale pale ufukoni, yakikausha maji ya bahari kwa jua na upepo. Matokeo yake ni kwamba jimboni Maine, ng'ambo ya mpaka, chumvi iliuzwa kwa bei ya kutisha na watu wakaihatarisha roho kuivusha kwa magendo usiku, ilhali mwanamke wa Bretagne aliitia kwa ukarimu katika siagi yake ili isiharibike. Kodi ile ilifutwa mwaka 1790, wakati wa Mapinduzi, lakini ulimi wa watu ulikuwa umekwisha kuzoea. Na hata leo Mbretoni akiletewa siagi isiyo na chumvi huona kuwa kuna kitu kimesahauliwa jikoni. Ladha hii ambayo walaji wa Paris huisifu leo kama hiba ya wapishi ilianza kwa msamaha wa kodi.

Inafaa sasa kuingia katika jiko la shamba, kama lilivyokuwa kabla ya umeme, na kutazama kazi yenyewe. Rojo lilitengenezwa mapema ili lipate kupumzika: unga wa kijivu, maji baridi na chumvi ya mawe, na katika baadhi ya vijiji yai moja, vikapigwa kwa mkono mtupu katika karai la udongo, kiganja kikipanda na kushuka kwa nguvu hata hewa iingie na rojo lianze kuvutika. Tawa, ambalo kwa Kibretoni ni billig, lilikuwa bamba la chuma la mviringo lisilo na kingo, likawekwa juu ya mafiga matatu mekoni. Na chini yake mtoto aliamrishwa kuchochea matawi makavu ya kichaka cha miiba chenye maua ya manjano, kuni ya maskini inayowaka haraka na kuzimika haraka, hata moto ukahitaji jicho la mtu wakati wote. Mpishi alilipaka tawa mafuta ya nguruwe kwa kitambaa kilichokunjwa, akateka upawa mmoja wa rojo, akaumimina karibu na ukingo, na papo hapo, kabla halijaganda, akalizungusha kwa rozell, kijiti chenye kipande cha ubao mwembamba kilichopigiliwa kichwani mwake mithili ya jembe dogo. Kazi yote ni katika kifundo cha mkono: ukikandamiza, rojo huchanika, ukisita, hubaki nene upande mmoja. Vitobo vidogo vikafumka juu yake, kingo zikakauka na kuwa kama lasi, harufu ya kitu kilichokaangwa ikapanda, kisha mwiko mrefu wa bapa uitwao spanell ukapitishwa chini na kuigeuza kwa mara moja. Anayeijua kazi hii huifanya bila ya kutazama, akiongea na jirani aliyesimama mlangoni.

Zilipikwa nyingi kwa siku moja, zikapangwa kama rundo na kufunikwa kwa kitambaa, zikaliwa siku kadhaa: asubuhi zikapashwa moto kwa siagi ikiwapo, jioni zikamegwa vipande na kutumbukizwa katika bakuli la mtindi uliotolewa siagi. Siku ya Ijumaa, ambayo Kanisa Katoliki liliwazuia waumini wake kula nyama, ilikuwa katika vijiji vingi siku ya galeti. Kaya isiyokuwa na tawa, au isiyokuwa na mwenye mkono wa kazi hiyo, ilimwita mwanamke wa kijiji aliyeifanya kwa ujira, aghalabu mjane au mke wa kibarua. Alikwenda shamba kwa shamba, au aliwapikia watu nyumbani mwake nao wakaja kuzichukua kwa dazani. Mjane huyo na tawa lake ndio mwanzo wa nyumba za krepe zote zilizoko duniani. Jiko lake lilikuwa na benchi moja, na mteja aliyengoja zamu yake alipewa moja ya kula pale pale akiwa ameketi, wala hakuna aliyedhani kwamba hapo pamezaliwa biashara.

Krepe za unga mweupe wa ngano, zile tamu, laini na zenye maziwa na mayai, zilikuwa chakula cha sikukuu tu mpaka unga mweupe ulipokuwa rahisi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Katika Ufaransa yote zililiwa, na zingali zikiliwa, tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kikristo ya mishumaa, ambapo mpishi huirusha krepe hewani kwa mkono mmoja na mkono wa pili ukishika sarafu, kwa kutaka baraka ya mwaka. Ziko pia zile za hoteli kubwa, zinazomwagiwa mvinyo mkali na kuwashwa moto mbele ya wageni. Hizo zina historia ya wakuu na wapishi wao, nami naziacha huko huko.

Gari la moshi lilibadili mambo. Reli kutoka Paris ilifika Rennes mwaka 1857, ikafika Quimper mwaka 1863, na mwaka 1865 ikafika Brest, mwisho kabisa wa nchi kavu. Bretagne ilikuwa na watoto wengi na ardhi haba, na mji mkuu ulikuwa na haja ya mikono. Na kabla ya karne kumalizika maelfu kwa maelfu ya Wabretoni walikuwa wamepanda mabehewa ya daraja la tatu, wanaume kwenda kuchimba mahandaki na kubeba mizigo na kutumikia reli yenyewe, wanawake kwenda kuwa watumishi wa nyumbani na wanyonyeshaji wa watoto wa matajiri. Mengi ya magari yale yaliishia Montparnasse. Mtu aliyeshuka pale bila ya kujua njia, na wengine bila ya kujua Kifaransa, alitafuta malazi ya bei nafuu mahali alipomwona ndugu yake amelala, na hivyo mitaa iliyozunguka stesheni ikawa maskani yao.

Maisha yao hayakuwa mepesi, na ni dhuluma kuyapitia kwa haraka kwa kuwa leo tunakula vizuri pale walipolia. Msichana wa kazi alilala katika kijichumba cha juu kabisa chini ya paa, kilichokuwa tanuri majira ya joto na barafu majira ya baridi, akashuka kwa ngazi ya nyuma kabla ya jua kuchomoza. Lafudhi yake ilichekwa, kofia yake ya lasi ilichekwa, na mwaka 1905 dhihaka ile ikapata sura: katika gazeti la wasichana liitwalo La Semaine de Suzette alizaliwa Bécassine, mtumishi wa Kibretoni katika hadithi za picha, mwema lakini mjinga, ambaye mchoraji Joseph Pinchon aghalabu hakumchora kinywa. Watoto wa Ufaransa walimpenda kwa miaka mingi bila ya kufikiri kwamba yaya aliyewasomea hadithi hizo huenda akawa anajiona mwenyewe ndani yake. Mwaka 1939, sanamu yake ya nta ilipowekwa katika jumba la Musée Grévin mjini Paris, vijana wa Kibretoni waliingia wakaivunja. Hawakuwa na njia nyingine ya kuwaeleza watu kwamba dada zao na mama zao wana vinywa.

Kijijini nako mambo hayakuwa mema zaidi. Shule za dola, zilizofanywa kuwa za lazima kwa sheria ya mwaka 1882, zilifundisha Kifaransa pekee, na mtoto aliyesikika akisema Kibretoni alivishwa shingoni alama ya aibu, pengine kiatu cha mti au kipande cha ubao, akakaa nacho mpaka ampate mwenziwe wa kumpa kwa kosa lilo hilo. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa uchungu wa adhabu hii, maana katika shule za Kenya ya wakoloni, na hata baada yao, watoto waliosema lugha za mama zao walitundikwa kitu kama hicho. Watu waliotahayarishwa kwa lugha yao hushikamana na kile ambacho mwalimu hawezi kukikataza, na chakula kilikuwa katika jumla ya vitu hivyo.

Wapo waliowahurumia na kuwasaidia. Mwishoni mwa karne ya 19 kasisi François Cadic, mzaliwa wa Morbihan na mkusanyaji wa hadithi na nyimbo za kwao, alianzisha mjini Paris parokia ya Wabretoni katika upande huo huo wa Montparnasse, akatoa gazeti la kuwaongoza wageni na kuwatahadharisha na hila za mji. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1947, ilianzishwa Mission Bretonne, ambayo maskani yake yako Rue Delambre, hatua chache kutoka stesheni, na ambayo mpaka leo hufundisha lugha, ngoma na muziki wa nchi ile. Mahali pa ibada na mahali pa ngoma vikishapatikana, mahali pa kula hapakosekani. Wanawake waliomaliza utumishi wakiwa na akiba kidogo, pamoja na waume zao waliostaafu reli, walikodi vyumba vya chini vya majengo, wakaweka tawa karibu na dirisha ili harufu iende njiani kuwaita watu, na wakaandika juu ya mlango jina la kule walikotoka. Wateja wao wa kwanza walikuwa Wabretoni wenzao: msichana wa kazi katika jioni yake ya mapumziko, askari anayengoja gari la Brest, mama aliyekuja kumtazama mwanawe.

Na huko Bretagne kwenyewe safari ilikuwa ikienda kinyume. Mwezi wa Juni 1936 serikali ya muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto iliyoongozwa na Léon Blum ilipitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi wote mapumziko ya wiki mbili kila mwaka bila ya kukatwa mshahara, na nauli ya gari la moshi ikapunguzwa kwa ajili yao. Watu ambao baba zao hawakupata kuona bahari wakajaa fukweni. Walihitaji chakula cha haraka na cha bei ya chini, na mjane mwenye tawa alikuwa tayari. Baada ya vita idadi ya wageni hao ilizidi, na mwaka 1949 katika wilaya ya Finistère kiwanda cha Krampouz kilianza kutengeneza matawa ya kisasa, hata kazi iliyohitaji mtoto wa kuchochea miiba ikaweza kufanywa kwa gesi au umeme, kwa moto usiopanda wala kushuka, na matawa mawili yakaweza kuwekwa sambamba, moja la galeti na moja la krepe tamu. Kwa rai yangu kifaa hiki, zaidi ya sifa za magazeti, ndicho kilichoiwezesha nyumba ya krepe kuishi mjini, katika chumba kidogo kisicho na dohani ya kuni, na kumpa mlaji wa mia sahani iliyo sawa na ya mlaji wa kwanza.

Hivyo ndivyo ulivyopatikana utaratibu wa mlo ambao mgeni aingiaye leo katika nyumba ya krepe ya mtaani huukuta. Huanza na galeti ya ngano nyeusi. Iliyo maarufu ni ile iitwayo kamili, ambayo yai huvunjwa juu yake ikiwa bado iko tawani, ute mweupe ukatandazwa kwa ncha ya mwiko na kiini kikaachwa kizima katikati. Jibini iliyokunwa ikanyunyizwa, kipande cha paja la nguruwe kikawekwa, kisha pande nne zikakunjwa kuelekea ndani ikawa mraba wenye jicho la manjano. Mlaji Mwislamu hana budi kuuliza, kwa kuwa si nyama peke yake: katika nyumba nyingi zinazoshika jadi, tawa lenyewe hupakwa mafuta ya nguruwe. Baada ya galeti huja krepe ya unga mweupe, na wajuao huitaka kwa siagi na sukari tu, ijapokuwa vijana huelekea kwenye karameli ya siagi ya chumvi, utamu ambao umashuhuri wake ulianzia Quiberon mwaka 1977 katika duka la Henri Le Roux. Kinywaji ni sida, maji ya tufaha yaliyochachuka, yanywewayo katika bakuli la udongo; na asiyetumia kileo hupewa ule mtindi wa kale, mwepesi na mchachu, ambao mtu wa kwetu ataujua mara moja. Krepe yenyewe ni jamaa ya mkate wa maji upikwao Mombasa na Unguja, ila galeti ni kavu zaidi ukingoni na ina uchungu mdogo nyuma ya ladha yake, uchungu unaoonyesha kuwa unga haukuchanganywa na ngano nyeupe.

Nao unga huo una masaibu yake. Mwaka 1973 mnara wa Montparnasse, wenye urefu unaozidi mita 200, ulipofunguliwa juu ya mtaa uliobomolewa na kujengwa upya, nyumba za krepe zilikuwa zimejaa wateja chini yake, ilhali kule mashambani ngano nyeusi ilikuwa karibu kutoweka. Wakulima waliokuwa wamepata mbolea, mashine na mikopo walikuwa wamegeukia mahindi ya kulishia ng'ombe na ngano ya mazao mengi, kwa kuwa ngano nyeusi ni ya kigeugeu: mwaka huu hujaza ghala, mwaka ujao nyuki wakipungua au jua likikosa kipimo huacha maua matupu. Basi chakula kilichoitwa fahari ya Bretagne kikawa kikipikwa kwa unga ulioagizwa kutoka nchi za mbali, na sehemu yake kubwa ikitoka China, yaani kule kule mmea ulikoanzia safari yake. Sioni kwamba ni aibu kwa mpishi kununua unga apatao. Bali ni aibu kumwandikia mlaji kwamba kila kitu ni cha Bretagne. Mwaka 1987 wakulima, wasagaji na wafanyabiashara wa jimbo walijiunga katika chama cha kuirudisha nafaka mashambani, wakaichagua aina ya kienyeji iitwayo La Harpe kuwa msingi, na mwaka 2010 unga wa ngano nyeusi wa Bretagne ukapewa hifadhi ya jina kwa sheria za Ulaya, hata asiweze tena kulitumia yeye ambaye nafaka yake haikuota na kusagwa huko.

Katika muda huo huo krepe ilikuwa imeanza kuvuka bahari kwa heshima mpya. Mwaka 1996 Bertrand Larcher, Mbretoni aliyehamia Japani, alifungua nyumba ya galeti katika mtaa wa Kagurazaka mjini Tokyo, mbele ya watu ambao kwa karne nyingi walikuwa wakiila nafaka ile ile kwa namna nyingine, wakiikanda na kuikata kuwa tambi nyembamba ziitwazo soba. Hawakuhitaji kuzoezwa rangi yake ya kijivu wala uchungu wake. Larcher baadaye alirudi na ujuzi aliouvuna huko, akafungua nyumba nyingine Cancale, huko Bretagne, na mwaka 2007 akafungua nyingine Paris katika mtaa wa Marais, akatumia unga ulioteuliwa kwa uangalifu, siagi iliyosukwa kwa mkono wa mabingwa, na orodha ya sida iliyoandikwa kwa taadhima ambayo zamani ilitengewa mvinyo. Wako walionung'unika kwamba galeti imepandishwa bei ikawa chakula cha wenye nazo. Mimi nimeona kwamba nyumba za Rue du Montparnasse hazikufungwa kwa sababu yake, na nyingi zimeanza kuandika ukutani, kwa chaki, jina la kinu kilichosaga unga wa siku ile. Na mteja anayesubiri meza hulisoma, akamwuliza mpishi, naye humjibu bila ya kuiacha rozell yake.